Daftari la Rufaa

Jumatatu, 12 Februari 2024

Hukumu imesomwa leo asubuhi. Mahakama ya Mwanzo imemteua shemeji, kaka wa marehemu, kuwa msimamizi wa mirathi. Nyumba anayoishi mdogo wangu, pamoja na fremu mbili za mbele zinazotazama barabara, zote zimehesabiwa kuwa mali ya marehemu, zigawanywe kwa taratibu za ukoo. Watoto watatu walelewe upande wa baba yao. Mjane anaweza kuendelea kukaa pale kwa ridhaa ya wanawe, na mwanawe mkubwa ana miaka kumi na miwili.

Nyumba ile nimeiona ikipanda tofali kwa tofali. Marehemu alikuwa mchimbaji, leo Rwamgasa, kesho Nyarugusu, mwezi mmoja wa kupata na miezi mingi ya kukopa. Kiwanja kilinunuliwa mwaka 2011 kwa hela ya mchele wa mdogo wangu, na marehemu mwenyewe, Mungu amrehemu, alilisema hilo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ndiyo maana karatasi ya mauziano ina majina mawili, la mume na la mke, na saini mbili. Karatasi hiyo tuliipeleka mahakamani. Leo nimesikiliza hukumu mwanzo hadi mwisho nikisubiri itajwe. Haikutajwa.

Mwishoni hakimu alisema haki ya rufaa ipo wazi ndani ya siku thelathini. Mdogo wangu hakusikia, alikuwa analia. Mimi nilisikia. Nimefika stoo yangu ya mchele, nimefungua kalenda ya ukutani, nimehesabu. Februari ya mwaka huu ina siku 29, kwa hiyo siku ya mwisho ni Jumatano, 13 Machi. Nimeizungushia wino mwekundu.

Jumanne, 13 Februari

Baba mdogo kaja jioni na wazee wawili. Wamekunywa chai, wamezungumza kwa upole sana. Wanasema kesi inavunja undugu, watoto watakosa baba wa kuwasimamia, tumwachie Mungu. Mdogo wangu kainamisha kichwa muda wote. Mimi nikawauliza: "Baba, na kodi ya fremu itakwenda kwa nani kuanzia mwezi ujao?" Hakuna aliyejibu. Kodi hiyo ndiyo inayolipa ada na sare za watoto, na shemeji ameshapita kuwaambia wapangaji wampe yeye.

Nawaheshimu wazee wangu. Lakini undugu unaotaka mtu mmoja apoteze kila kitu ili wengine wasikasirike, huo siwezi kuuita undugu.

Alhamisi, 15 Februari

Kila niliyemuuliza kanielekeza kwa bwana mmoja mwenye meza kwenye stationari, karibu na stendi. Wanamwita wakili. Ana suti, ana mhuri, ana faili nyingi. Amesikiliza kwa dakika chache tu, akaanza kuandika hapo hapo. Sababu yake ya kwanza ya rufaa: hakimu alihongwa. Nikamwuliza ushahidi wa hongo uko wapi. Akasema, "Mama, hiyo inaandikwa tu, inawatisha."

Halafu akasema rufaa tutaifungua Geita mjini kwa sababu ni karibu na anajulikana kule. Na malipo yake: laki tatu sasa, na tukishinda achukue fremu moja.

Nimerudi nikiwa na mashaka. Mtu asiyeuliza karatasi hata moja anawezaje kujua nimeonewa wapi?

Jumamosi, 17 Februari

Kijana wangu wa chuo kanionyesha kwenye simu. Mahakama ina mfumo unaoitwa e-Wakili: unaandika jina, unaona kama mtu huyo ameandikishwa katika orodha ya mawakili na kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai. Tumeliandika jina la bwana wa stationari kwa kila namna linavyoweza kuandikwa. Halimo.

Nilimpigia, nikamwuliza kwa adabu. Akasema anafanya kazi chini ya wakili mkubwa wa Mwanza. Nikaomba jina la wakili huyo. Simu ikakatika, na haikupokelewa tena.

Hawa ndio watu wanawaita vishoka. Najua watu wa hapa Buseresere waliowapa ng'ombe, pikipiki, hata viwanja. Mjane hana elimu ya sheria, ana hofu na ana haraka, na wao wanakaa stendi kwa sababu hiyo. Naandika hapa kwa ajili ya yeyote wa ukoo wetu atakayelishika daftari hili: kabla ya kutoa shilingi, angalia jina.

Jumanne, 20 Februari

Leo nimeonana na msaidizi wa kisheria, mama mmoja mtulivu anayefanya kazi na shirika la wanawake. Hatozi kitu. Kanieleza mipaka yake kwanza, na hilo limenifanya nimwamini: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu kuelimisha, kushauri na kumwelekeza mtu kwa wakili, lakini hawezi kusimama mahakamani kumwakilisha mtu.

Kanifungua macho kwa mawili. La kwanza ni la Chato na Geita. Buseresere na Katoro zimeshikana hivi kwamba mgeni akitembea sokoni hajui wapi anatoka mji mmoja kuingia mwingine. Tunanunua upande wao, wanalala upande wetu. Lakini Katoro ni Wilaya ya Geita na Buseresere ni Wilaya ya Chato, na mahakama haitazami soko, inatazama mpaka. Hukumu yetu ni ya Mahakama ya Mwanzo iliyo ndani ya Wilaya ya Chato, kwa hiyo rufaa ni Mahakama ya Wilaya ya Chato. Tungeifungua Geita ingetupwa, na siku zingekuwa zimekwisha.

La pili limenitia jasho. Nilimwambia tunasubiri nakala ya hukumu ili tutafute wakili. Akaniambia: "Dada, siku zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa. Usikae kusubiri karatasi." Amewaona wengi waliokaa nyumbani kwa utii wakingoja nakala, wakaipata mwezi wa pili, wakaenda na hukumu safi mkononi wakaambiwa wamechelewa. Hapo unaanza kuomba kuongezewa muda, kwa maandishi na kiapo, na mahakama inataka ueleze kila siku uliyochelewa ilikwenda wapi.

Nimetuma ujumbe kwa wakili ambaye mama huyo alinipa namba yake. Ni binti, ofisi yake iko Geita mjini. Nimemwangalia kwenye e-Wakili. Yumo, cheti kiko hai.

Ijumaa, 23 Februari

Tumeondoka na Hiace ya alfajiri, mimi na mdogo wangu, karatasi zote kwenye mfuko wa plastiki ndani ya pochi. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la pembejeo. Vitabu, meza, na vyeti ukutani. Wakili ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alisimama, akasema shikamoo, akamkalisha mdogo wangu upande wa kivuli.

Hakuandika kitu kwa muda mrefu. Aliuliza: ndoa ilikuwa ya aina gani, cheti kiko wapi, kiwanja kilinunuliwa lini, nani alilipa, nani alishuhudia, fremu zilijengwa kabla au baada, marehemu alikuwa na mke mwingine, ana watoto wa nje. Mdogo wangu alipolia, alinyamaza akasubiri, kisha akauliza swali lile lile tena. Akataka kuona karatasi ya mauziano, akaisoma mbele na nyuma, hadi mhuri.

Kisha akasema jambo nililokuwa sijalielewa kabisa. Rufaa si kesi mpya. Hatutakwenda Chato kusimulia upya, wala kuleta mashahidi ambao hatukuwaleta mwanzo. Mahakama ya juu itasoma yaliyoandikwa chini na kuuliza kama hakimu alikosea katika sheria au katika kupima ushahidi. Kwa hiyo swali kubwa ni moja: ile karatasi ilipokelewa kama kielelezo, ikaandikwa kwenye mwenendo wa kesi? Kama ilipokelewa na hukumu ikairuka, tuna rufaa nzuri. Kama ilionyeshwa tu hakimu akairudisha, tuna shida.

Mdogo wangu hakukumbuka. Mimi nakumbuka karani akiichukua. Wakili akasema kumbukumbu yetu haitoshi, lazima jalada lisomwe, na atakwenda mwenyewe.

Nilimwuliza kwa nini hatukuambiwa tuwe na wakili tangu mwanzo. Akaeleza kwamba kwa miaka mingi sheria iliwafungia mawakili mlango wa Mahakama ya Mwanzo, na mwaka 2021 ndipo ilipolegezwa, pale tu ambapo kiti kinakaliwa na hakimu mkazi. Watu wengi bado wanaingia peke yao, na kosa linalofanyika kule chini hufuatana na kesi hadi juu.

Akatuchorea ngazi kwenye karatasi. Mahakama ya Wilaya. Halafu Mahakama Kuu, ambayo siku hizi ina masjala Geita. Zamani ilikuwa ni kuvuka kivuko cha Kigongo na Busisi kwenda Mwanza. Halafu Mahakama ya Rufani, lakini huko kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo haifiki mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kuna hoja ya sheria ndani yake. "Kila ngazi ina gharama na miaka," alisema. "Ndiyo maana nataka tufanye hii ya kwanza vizuri."

Ada yake ni shilingi milioni moja na laki mbili, kwa awamu tatu. Ada za mahakama na nauli mbali. Ametoa mkataba wa kurasa mbili, umeandikwa atafanya nini na nini hakimo. Nimeusoma wote. Nilimwuliza atatuhakikishia ushindi? Akasema hapana, na wakili anayetoa ahadi hiyo tumwogope. Nikatoa laki nne za mwanzo. Ni hela ya magunia ya mchele niliotaka kuufuata Kahama, lakini mchele upo kila msimu.

Jumapili, 25 Februari

Usingizi haukuja. Wakili alitaja kesi ya wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, nikamwomba kijana anitafutie. Nimesoma kwenye simu mpaka taa ya jirani ikazimwa.

Wanajulikana kwa herufi tu, E.S. na S.C. Waume zao walikufa, nao wakatolewa kwenye nyumba walizoishi na waume zao, wao na watoto wao wadogo. Sheria iliyotumika ni ile ya mila iliyoandikwa na serikali, Tangazo Na. 436 la mwaka 1963. Inasema mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Niliposoma mstari huo nilikumbuka hukumu yetu. Ni maneno yale yale, miaka sitini baadaye, katika mji ambao mwaka 1963 ulikuwa pori.

Wakasaidiwa na wanasheria wanawake, wakafungua shauri Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba sheria hiyo ina ubaguzi, lakini ikakataa kuifuta, ikihofia kufungua mlango kwa kila mila nyingine kupingwa. Wakakata rufaa. Miaka ikapita. Desemba 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao bila kugusa kiini chake, kwa sababu tarehe iliyoandikwa kwenye amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na kasoro.

Tarehe. Na amri ile haikuandikwa na wajane, iliandikwa na mahakama yenyewe.

Nilisimama, nikatembea ndani ya chumba. Wanawake wawili waliotoka kwetu huku, wamevumilia kufukuzwa, wamevumilia miaka ya mahakama, na mwisho wao ukawa tarehe kwenye karatasi ambayo hawakuishika. Ilibidi wafike Geneva. Machi 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao, ikataka walipwe fidia na sheria zile zirekebishwe.

Wakili alisema siku hizi mambo yamelegea kidogo. Katiba, ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 sheria za mwenendo zilirekebishwa kuzisukuma mahakama zitazame haki kwanza. Lakini aliongeza kwamba kulegea huko hakuokoi aliyechelewa wala asiyesoma karatasi zake.

Kuna kesi nyingine aliyoitaja, ya jirani zetu wa Muleba, Ephrahim dhidi ya Pastory. Bibi mmoja wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000, kwa sababu alikuwa mzee na hakuna aliyemtunza. Mpwa wake akashtaki, na Mahakama ya Mwanzo ikasema mauzo ni batili. Mahakama ya Wilaya ikampa bibi haki. Mpwa akaenda Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akamthibitishia bibi kwamba mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Naye alianza kwa kushindwa, kama sisi.

Ijumaa, 1 Machi

Wakili amepiga simu saa saba mchana. Nilikuwa napima mchele, nikamwachia mteja mzani.

Amelisoma jalada. Karatasi ya mauziano imo. Hakimu aliipokea bila pingamizi, ikapewa alama ya kielelezo, na imebandikwa ndani ya jalada. Ushahidi wa mwenyekiti wa kitongoji wa wakati ule nao umeandikwa, sentensi nne, na moja inasema, "Mume alisema pesa hizi ni za mke wangu." Shemeji alipewa nafasi ya kumhoji akasema hana swali. Kwenye hukumu hakuna hata neno moja la kueleza kwa nini ushahidi huo haukukubaliwa.

Nilimpelekea mdogo wangu habari nyumbani. Alikuwa anafua. Akaniuliza, "Kwa hiyo aliyoyasema marehemu bado yapo?" Nikamwambia yapo, yameandikwa, yana mhuri wa mahakama.

Jumatano, 6 Machi

Wakili kaja na rasimu. Sababu za rufaa ni nne, zimepewa namba, kila moja fupi. Kanuni za mwaka 1964 za rufaa zinazotoka Mahakama ya Mwanzo zinataka hivyo: sababu zipangwe moja moja, zisirefushwe kwa hadithi.

Ya kwanza, kielelezo na ushahidi wa mwenyekiti vilirukwa. Ya pili, Sheria ya Ndoa ya 1971: kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki ya kupata na kumiliki mali sawa na mwanamume, na cha 60 kinasema mali iliyopatikana kwa majina ya mume na mke pamoja huchukuliwa kuwa ni yao kwa haki sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shemeji hakuthibitisha vinginevyo. Kwa hiyo nusu ya mali ile haikuwa ya marehemu kamwe, na msimamizi wa mirathi hawezi kugawa kisichokuwa cha marehemu. Ya tatu, mjane aliweka pingamizi dhidi ya shemeji kuwa msimamizi na halikuamuliwa. Ya nne, mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu tena, na hapo katumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20.

Baba mdogo, ambaye safari hii kaja mwenyewe bila wazee, alitaka tuongeze kwamba shemeji ni mlevi na alimtukana marehemu hospitalini. Ni kweli. Wakili akamjibu kwa heshima: "Baba, ni kweli, lakini haiko kwenye jalada. Tukiiweka, tunawapa nafasi ya kubishana nasi juu ya pombe badala ya hati." Baba mdogo akanyamaza, kisha akasema, "Endelea, mwanangu."

Mdogo wangu alisaini. Alisoma kila ukurasa kwanza, kidole chini ya mstari, na hakuna aliyemharakisha. Nikaziangalia tarehe zote, ya hukumu na ya leo, mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Imefunguliwa. Siku hizi inapita kwenye mtandao wa mahakama. Wakili kaingiza, namba ya malipo ikaja kwenye simu yangu, nikalipa nikiwa stoo, na mchana rufaa ikawa na namba yake. Zimebaki siku tano. Namba nimeiandika kwenye jalada la daftari hili.

Jumatano, 27 Machi

Wiki ngumu. Nilidhani rufaa ikishafunguliwa mambo yote yanasimama. Hayasimami. Hukumu inaweza kutekelezwa rufaa ikiwa inaendelea, na shemeji kaja na watu wawili na mkanda wa kupimia, wakapima fremu mbele ya wapangaji. Kuna mnunuzi kutoka Katoro.

Ni bahati wakili alikuwa ameshapeleka maombi ya kusitisha utekelezaji pamoja na rufaa. Leo amri imetoka: hakuna kuuza, kugawa wala kubadili wapangaji hadi rufaa iamuliwe, na kodi iwekwe benki isiguswe na upande wowote. Nakala imebandikwa ukutani kwenye fremu zote mbili. Watoto watasoma kwa hela yangu kwa muda huu, na nitaipata popote nitakapoipata.

Mtu anayetaka kukata rufaa na aulize swali hili siku ya kwanza kabisa: nani atakuwa ameshika mali wakati tunasubiri? Ukishinda rufaa ya nyumba iliyokwisha kuuzwa kwa mtu wa tatu, unaanza kesi nyingine.

Jumanne, 14 Mei

Chato, Mahakama ya Wilaya. Shemeji naye ana wakili sasa, mtu mzima mwenye sauti nzito. Wamebishana kwa zaidi ya saa moja, na kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Mdogo wangu alifuata kila neno. Nilimwona akitikisa kichwa wakili wa shemeji aliposema mchele haujengi nyumba, na akatulia binti yetu alipoinuka na kuomba mahakama ifungue ukurasa wenye maneno ya mwenyekiti. Hakimu akaufungua. Akausoma kimya. Akamwuliza wakili wa shemeji: "Shahidi huyu mlimhoji?" Yule baba akapekua, akapekua, akasema kumbukumbu haionyeshi.

Hukumu tarehe 20 Juni.

Nje, chini ya mwembe, shemeji alinisalimia. Nikamwitikia. Watoto ni damu yake pia.

Alhamisi, 20 Juni

Rufaa imekubaliwa.

Mahakama ya Wilaya imesema Mahakama ya Mwanzo ilikosea kuukalia kimya ushahidi uliopokelewa bila kupingwa. Kiwanja na majengo ni mali ya pamoja, nusu ni ya mdogo wangu kwa haki yake mwenyewe, haimo kwenye mirathi. Uteuzi wa shemeji umetenguliwa. Nusu ya marehemu inarudi Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi mwingine baada ya pingamizi zote kusikilizwa, na watoto watatu watajwe kwa majina kama warithi. Kodi iliyo benki ifuate mgawanyo huo huo.

Si ushindi wa kila kitu. Lile tangazo la 1963 halikuguswa. Hakimu alisema hati inatosha kuamua shauri hili. Nimelifikiria hilo njiani kutoka Chato. Mdogo wangu ameokolewa na karatasi yenye majina mawili, ambayo mumewe alikubali iandikwe hivyo. Mjane wa nyumba ya pili kutoka kwetu hana karatasi kama hiyo, na bado sheria ile ile inamsubiri. Serikali iliambiwa mwaka 2015. Bunge lina uwezo wa kuifuta, na linapaswa kuifuta.

Ijumaa, 21 Juni

Wakili kaniletea hesabu: awamu ya mwisho ya ada, na risiti za kila nilicholipa. Nimemlipa yote. Nikamwuliza kama tumemaliza. Akasema shemeji ana siku thelathini za kwenda Mahakama Kuu, kuanzia jana, na zinaisha Jumamosi, 20 Julai. Ikiwa ataamua kwenda, mkataba wetu haufiki ngazi hiyo na tutakaa tuandike mwingine. Nimemwambia aandae bei.